Kuzunguka Bonde la Lathkill Msimu wa Mapukutiko: Mwongozo Kamili kwa Msafara

Mzunguko huu unaanzia na kuishia katika kijiji cha Monyash, Derbyshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Una kilomita 17 na nusu hivi. Unashuka na bonde la mto Lathkill, unapita chini ya kijiji cha Over Haddon, unafika Alport na Youlgreave, kisha unarudi juu kwa juu kupitia mashamba ya mifugo. Miinuko yote ikijumlishwa haizidi sana mita 300. Walioko Sheffield, Manchester, Leicester au Birmingham wanaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari.

Kiangazi, mtu yeyote mwenye miguu mizima huumaliza. Oktoba ni habari nyingine, kwa sababu mbili: jiwe la chokaa likilowa huteleza vibaya, na jua linawahi kuzama. Saa ya kuondoka, upande wa kuzungukia, mahali pa kula na mahali pa kukatisha safari vyote hapa vimepangwa kwa kufuata hayo mawili. Kiongozi akiyaelewa vizuri, mengine yanamnyookea.

Jiwe lenyewe

Chokaa ya hapa ni mabaki ya kombe na viumbe wa bahari ya joto, yaliyojikusanya zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Maji ya mvua huimung'unya polepole, ndiyo maana eneo zima lina mapango, nyufa na mabonde makavu. Aliyeingia mapango ya Amboni, Tanga, ameona kazi ya namna hiyo hiyo, ingawa chokaa ya kule ni ya umri mdogo zaidi.

Kwa mtembeaji, jambo la maana ni kwamba madini ya chokaa ni laini. Jiwe la mchanga, linalopatikana kaskazini mwa hifadhi hii, lina chembe ngumu zinazoshika soli. Chokaa haina chembe hizo: kila buti linalopita huisugua, na baada ya miaka mingi uso wake unakuwa laini kama kigae. Juu yake unakaa utando mwembamba wa udongo wa mfinyanzi, na kwenye msimu huu linaongezeka jani lililolowa. Hapo mtu huanguka bila onyo, mara nyingi chali, akitanguliza kiganja au kiwiko.

Dawa yake ni namna ya kukanyaga. Weka wayo wote chini kwa pamoja, usianze na kisigino. Fupisha hatua. Penye mawe yaliyojitokeza, kanyaga udongo au changarawe iliyo katikati yake, hata kama buti litachafuka. Usikanyage kingo za mawe zilizoinama, wala jani usiloona kilicho chini yake. Wenye fimbo wachomeke fimbo kwanza, mguu ufuate. Wafundisheni watu haya kabla ya kuanza kutembea, maana sehemu mbaya kuliko zote iko ndani ya saa ya kwanza.

Kuchagua siku na kupanga saa

Rangi huwa nzuri zaidi kati ya wiki ya pili ya Oktoba na siku za mwanzo za Novemba. Mihezeli na miti mingine midogo ya bondeni hugeuka manjano, matunda ya miiba huwa mekundu kwenye nyua, na kwenye majani mafupi ya miteremko huchomoza uyoga wa rangi ya chungwa, nyekundu na njano. Uyoga huo ni wa kutazamwa tu. Msiuchume na msiule.

Katikati ya Oktoba jua huzama karibu saa 12:10 jioni. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mwishoni mwa Oktoba machweo yanakuwa karibu saa 10:35 jioni. Katikati ya Novemba ni kama saa 10:10. Makundi mengi husahau badiliko hilo, yakaondoka saa ile ile waliyoondoka mwezi uliopita, na giza likawakuta juu ya bonde dogo la Cales Dale penye ngazi za mawe.

Kanuni ya Naismith, inayotumiwa na watembea milima tangu 1892, huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mzunguko huu inatoa saa nne. Usiipangie kundi saa nne. Watu kumi na wawili hupita lango mmoja mmoja, hufunga kamba za viatu kwa zamu, na husimama kupiga picha. Pangeni saa saba pamoja na mapumziko, hivi:

Kuondoka Monyash: saa 3:30 asubuhi.
Daraja la mbao la Cales Dale: saa 4:45.
Lathkill Lodge, chini ya Over Haddon: saa 6:00 mchana.
Daraja la Conksbury: saa 6:30.
Alport: saa 7:00.
Youlgreave, chakula: saa 7:30 hadi saa 8:00.
Kurudi Monyash: kati ya saa 10:15 na 10:30.

Saa inayotawala zote ni ile ya kuondoka Youlgreave. Saa zikisharudishwa nyuma, kundi lisilokuwa tayari kuondoka hapo saa 8:15 mchana lisiendelee kwa miguu: madereva wawili wafuate magari kwa teksi, wengine wasubiri kijijini. Baada ya wiki ya kwanza ya Novemba, ama ondokeni saa 2:30 asubuhi, ama fanyeni mzunguko mfupi ulioelezwa chini.

Upande wa kuzungukia nao una sababu. Ukianzia bondeni, mawe yenye utelezi unayapita ukiwa na nguvu, na alasiri unakuwa juu mashambani ambako mwanga hukawia. Ukizunguka kinyume, unaingia bonde jembamba saa ambayo tayari limeshakuwa na kiza, miguu ikiwa imechoka.

Watu na kazi zao

Kundi zuri ni watu 8 hadi 14. Wakizidi, gawanyeni makundi mawili yenye viongozi wawili, yakipishana dakika 20.

Kiongozi anatangulia na ramani. Wa mwisho, mfunga msafara, ni mtu mzima mwenye subira na mwenye uzoefu, si yule asiye na mwendo. Hapitwi na mtu, ndiye anayefunga malango, na ndiye mwenye mfuko wa huduma ya kwanza, kwa sababu anayeumia huwa nyuma. Hesabuni watu kwenye kila daraja, na baada ya kila kituo cha chakula au choo. Mwendo ni wa yule wa polepole: mweke wa pili, nyuma ya kiongozi, na kundi litatulia. Akiwekwa nyuma, kila akiwafikia wenzake wameshapumzika na wanaondoka, kwa hiyo yeye hapumziki kabisa.

Kwenye kila njia panda kiongozi asimame mpaka mfunga msafara aonekane. Bondeni simu hazishiki mtandao sehemu kubwa, kwa hiyo kikundi cha WhatsApp hakitawasaidia waliopotea.

Wiki moja kabla, watu wawili waipite njia. Waangalie mabango ya hifadhi hasa. Bonde hili ni hifadhi ya mazingira inayosimamiwa na Natural England, na miti yake mingi ni ya aina ya ash, ambayo inakufa kwa ugonjwa wa ukungu. Miti hukatwa kwa usalama, na vipande vya njia hufungwa kwa muda. Bango la kufungwa liheshimuni hata kama hamuoni mtu anayefanya kazi. Matawi ya ash iliyokufa huvunjika bila upepo mkubwa; siku ya upepo mkali msipange chakula chini ya miti.

Vya kubeba

Buti lenye soli ya raba laini na meno ya kina, lililokwishazoeleka mguuni. Buti jipya lenye soli ngumu huteleza kwenye chokaa kuliko kiatu cha kawaida cha michezo chenye raba nzuri. Suruali ya jinzi iachwe nyumbani: ikilowa haikauki na inavuta joto la mwili. Vaeni nguo tatu nyepesi badala ya koti moja zito, na koti la mvua juu yake. Chini bondeni hakuna upepo, watu hutoka jasho. Wakifika mashamba ya juu, upepo hulipoza jasho hilo mgongoni. Jozi ya pili ya soksi ifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Kila mtu abebe maji lita moja na nusu na tochi ya kichwani yenye betri mpya. Tochi ya simu haitoshi: inakula chaji ya chombo mtakachokihitaji kwa dharura na inashikilia mkono mmoja. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto, nusu lita kwa mtu, ina kazi kubwa saa nane mchana. Chapati zilizokunjwa na mayai, maandazi, ndizi na karanga hubebeka na haziharibiki. Wali hupoa na kuwa mzito. Msinywe maji ya mto hata yakionekana safi kiasi gani, kwa sababu juu yake kuna mifugo na machimbo ya zamani ya madini ya risasi.

Kiongozi awe na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer OL24, ya vipimo vya 1:25,000, pamoja na dira. Vifaa vya kundi: bandeji pana mbili, plasta za malengelenge, blanketi la dharura, filimbi, kibano cha kutolea kupe, na fulana mbili za rangi inayong'aa kwa wa mbele na wa nyuma mkiwa barabarani.

Njia, kipande kwa kipande

Monyash hadi mdomo wa bonde. Kijiji hiki kilipewa haki ya soko mwaka 1340. Kilikaa hapa kwa sababu kipo juu ya udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, katika nchi ambayo maji hupotelea ardhini. Bwawa la Fere Mere ni masalia ya mabwawa yake. Tokeni kwa barabara ya B5055 kuelekea mashariki, upande wa Bakewell, kama mita 800, mkitembea mstari mmoja kulia, mkiyatazama magari yanayokuja. Barabara ikifika chini, ingieni langoni kulia.

Mdomo wa bonde hadi Cales Dale. Mwanzo ni bonde pana la majani, kavu, lisilo na dalili ya mto. Kisha kuta zinasogeleana na upande wa kushoto linaporomoka lundo la mawe ya machimbo ya Ricklow, ambako zamani walichimba chokaa yenye visukuku na kuing'arisha kwa mapambo. Hapa ndipo mahali pagumu: kama mita 300 za mawe yaliyosuguliwa, yamelala kimshazari. Wape watu nafasi ya hatua tano kati yao ili anayeanguka asimwangushe mwenzake. Msizungumze na simu, msipige picha mkitembea. Dakika 20 kwa kipande hiki si nyingi.

Mbele kidogo, kulia, ni pango la Lathkill Head. Kiangazi huwa kavu. Baada ya mvua za siku kadhaa mto hutoka mdomoni mwake kwa nguvu. Ni kipimo kizuri cha siku yenu: mkikuta maji yanatoka kwa wingi na yanapita juu ya njia, jueni sehemu za chini zina matope mengi, ongezeni nusu saa kwenye ratiba yote na fikirieni mzunguko mfupi. Msiingie pangoni.

Kwenye daraja dogo la mbao, upande wa kulia, linafunguka bonde la Cales Dale. Hapa ndipo pa kuamua. Mtu akiwa amechoka tayari, au mko nyuma ya ratiba kwa dakika 40, vukeni daraja, pandeni Cales Dale hadi shamba la One Ash Grange na mrudi Monyash. Huo ndio mzunguko mfupi, kama kilomita 6 na nusu, na uzuri wa bonde mtakuwa mmeuona. Wanaoendelea hawavuki, mto unabaki kulia kwao.

Cales Dale hadi Lathkill Lodge. Njia inakuwa pana na laini ndani ya msitu. Tembeeni taratibu hapa. Ndicho kipande kizuri kuliko vyote kwa mtu anayependa maji. Mto ni mwangavu kiasi cha kuona samaki wakiwa wamesimama kinyume cha mkondo. Kwenye mawe ya mtoni tazameni ndege mnene mweusi mwenye kifua cheupe, anayeinama-inama kisha anazama kutafuta wadudu chini ya maji.

Nguzo za mawe mtakazoziona mtoni zilibeba mfereji wa kupeleka maji kwenye mtambo wa mgodi wa risasi wa Mandale, ambao magofu yake yako upande wa kushoto. Ng'ambo, kwa daraja dogo, ni nyumba ya Bateman, iliyojengwa juu kabisa ya shimo la mgodi. Tengeni dakika 15. Nje ya njia kuna mashimo ya zamani ambayo hayaonekani chini ya majani, kwa hiyo watoto washikwe mikono. Wakichezea udongo wa hapo wanawe kabla ya kula, kwa kuwa una risasi.

Lathkill Lodge ni nyumba iliyo kando ya mto, penye barabara nyembamba inayopanda kushoto hadi Over Haddon. Kijijini kuna maegesho yenye vyoo, lakini mpando ni mkali na kwenda na kurudi kunakula dakika 30. Aliyeumia kidogo apandishwe huko kusubiri gari. Bakewell haiko mbali.

Lodge hadi Alport. Endeleeni kushuka na mto, ambao sasa umewekewa vizuizi vidogo vya mawe vinavyotengeneza maporomoko kama ngazi. Daraja la Conksbury ni la zama za kati na ni jembamba: vukeni kwa makundi ya watu wanne, mkisikiliza magari. Baada ya daraja pandeni barabara kidogo tu, kisha kushoto ingieni njia ya miguu. Sasa mto uko kushoto. Mashamba haya ya chini ndiyo yenye matope mazito, hasa mlangoni mwa kila lango penye kwato za ng'ombe. Piteni katikati ya matope. Wanaokwepa pembeni huipanua njia na kuua majani.

Alport hadi Youlgreave. Alport ndipo mto Bradford unapoingia Lathkill. Vukeni barabara ya magari, mshike njia inayopanda sambamba na Bradford, mkipita genge refu la mawe, hadi mnara wa kanisa la All Saints uonekane juu kulia. Pandeni kuingia kijijini. Tangi la mawe la mviringo katikati ya mtaa lilijengwa mwaka 1829 kuwaletea wanakijiji maji safi, na hadi leo Youlgreave inaendesha mradi wake wenyewe wa maji. Hapa mle vya moto, mbadilishe soksi.

Kwa Waislamu msafarani, kituo hiki kinafaa kwa Adhuhuri, na saa zikisharudishwa Magharibi huingia mkiwa mnafika magarini, kwa hiyo ipangeni na Alasiri kabla ya kuondoka siku hiyo. Kibla ni kusini-mashariki. Bebeni chupa ya ziada ya udhu na mkeka mwembamba usiopitisha maji, kwa sababu majani huwa yamelowa kutwa nzima.

Youlgreave hadi Cales Dale. Elekeeni magharibi, mpande Moor Lane hadi maegesho yake. Vaeni fulana zinazong'aa. Kuanzia hapo fuateni alama za Limestone Way, njia ndefu inayotoka Castleton hadi Rocester. Inavuka mashamba yaliyotengwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Piteni palipoachwa upenyo au ngazi. Anayepanda ukuta huangusha mawe na kumtia mkulima hasara.

Ng'ombe bado wako nje Oktoba. Wapiteni kwa mbali, msikatize kati ya mama na ndama, na msikimbie. Mwenye mbwa amfunge, lakini ng'ombe wakimfukuza amwachie kamba: mbwa atajiokoa, na wao watamfuata yeye badala ya mtu.

Baada ya shamba la Calling Low ardhi inakatika ghafla. Ngazi za kushuka Cales Dale ni za mawe, zina mwinamo mkali, na zinakuja baada ya kilomita kama 14, magoti yakiwa yameshalegea. Simamisheni kundi zima juu. Kunyweni, leni kitu chenye sukari, washeni tochi kama mwanga umepungua. Kisha shukeni mmoja mmoja kwa upande-upande, mkono mmoja ukiwa huru, kiongozi akishuka wa kwanza na kusubiri chini. Asiyekuwa na imani na goti lake ashuke kwa kukaa, suruali hufuliwa.

Cales Dale hadi Monyash. Mpando mfupi unawafikisha One Ash Grange, lililokuwa shamba la watawa wa abasia ya Roche. Piteni katikati ya majengo kwa utulivu, fuateni njia ya shamba na alama zile zile hadi kichochoro kati ya kuta mbili kinachoingia Monyash. Zimebaki kilomita mbili na nusu, na ndipo kundi linapotawanyika kwa kuona limefika. Mfunga msafara asikubali.

Mtu akiumia

Kifundo cha mguu kilichoteguka, mtu akiweza kukanyaga hatua nne: msimvue buti, lifungeni bandeji kwa nje, apewe fimbo mbili, aelekezwe kwenye barabara ya karibu. Asipoweza kukanyaga, mvikeni nguo zote kavu zilizopo, mwekeni juu ya begi asilale kwenye ardhi baridi, mzungushieni blanketi la dharura. Pigeni 999 au 112, ombeni polisi, kisha ombeni waokoaji wa milimani. Watajeni namba za gridi za ramani, zinazoanza na SK. Bondeni mtandao ukikosekana, watu wawili wapande hadi sehemu ya juu wakiwa wameandika namba hizo kwenye karatasi. Asiende mtu mmoja. Filimbi mara sita kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, ndiyo ishara ya kuomba msaada.

Mkifika magarini

Hesabuni watu mara ya mwisho kabla gari lolote halijaondoka. Kwangueni matope na majani yaliyonasa kwenye soli pale pale, kwa sababu ukungu wa miti ya ash husafiri na majani yaliyoanguka. Usiku huo kagueni nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele za watoto: kupe wa hapa bado wapo msimu huu, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Mtoeni kupe kwa kibano, mkimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta wima bila kumminya. Pakitokea duara jekundu linalopanuka wiki zinazofuata, hata lisipowasha, mwone daktari.